Karani aliyetoka katikati ya hotuba: uchambuzi wa kisa cha usonji uliotambuliwa ukubwani

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamume wa miaka 39, karani wa chama cha msingi cha ushirika katika kijiji kimoja cha Mtwara Vijijini. Ana mke na watoto wawili. Hanywi, havuti, hadaiwi na mtu. Ijumaa moja ya Novemba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, aliinuka kwenye safu ya tatu imamu akiwa katikati ya hotuba, akavuka mabega ya watu, akatoka pekupeku na kwenda kujifungia kwenye ghala la chama mpaka adhana ya alasiri. Anayejua adabu za Ijumaa ataelewa uzito wa jambo hilo. Kumwambia mwenzio "nyamaza" tu wakati hotuba inasomwa kunahesabiwa upuuzi, sembuse kuvuka shingo za watu.

Kabla ya magharibi kijiji kilikuwa na maelezo matatu. La kwanza, ana jini, na jini halivumilii kusomewa. La pili, ni kiburi cha kushika kalamu. La tatu lilikuwa la wanaompenda: msimu umemchosha, mwacheni apumzike. Karibu mwaka mmoja baadaye, daktari bingwa wa magonjwa ya akili jijini Dar es Salaam aliandika kwenye faili lake maelezo ya nne. Ana usonji (autism), na amekuwa nao tangu utotoni.

Kisa hiki nimekiunganisha kutoka kwa watu zaidi ya mmoja niliokutana nao katika kazi za ustawi wa jamii, na vitu vinavyoweza kumtambulisha yeyote kati yao nimevibadilisha. Nitamwita Karani, kama wanavyomwita wakulima.

Ninachotaka kukichambua si dalili zake tu. Dini ilimficha Karani kwa karibu miaka arobaini, na dini hiyohiyo ndiyo iliyombeba asianguke. Mambo hayo mawili yametoka kwenye chanzo kimoja. Anayeona moja tu, awe daktari, shehe au ndugu, atamharibia.

Mtoto aliyeanza na Alhamdu

Usonji haupimwi kwa damu wala kwa picha ya ubongo. Kwa mtu mzima, nguzo ya utambuzi ni historia ya utoto wake, na kwa Karani aliyekuwa nayo ni mama yake. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unadai mambo mawili makubwa yakutwe pamoja: ugumu wa kudumu katika mawasiliano na mahusiano, na mwenendo wa kujirudia na kung'ang'ania utaratibu, ukiwamo mwili unaohisi sauti, harufu, mwanga au mguso kupita kiasi au kwa uchache mno. Unadai pia kwamba hali ianze utotoni, ila unakubali kwamba huenda isionekane wazi mpaka maisha yamdai mtu zaidi ya uwezo wake, au ikafichwa na mbinu alizojifunza. Kipengele hicho cha mwisho kinamhusu Karani neno kwa neno.

Mama alieleza hivi: "Alikaa kimya mpaka nikasema huyu ni bubu. Ana miaka minne ndiyo akafungua kinywa, akasoma Alhamdu yote, na mahadhi ya baba yake. Kuomba maji alikuwa hajui. Alikuwa ananivuta mkono mpaka kwenye mtungi."

Baba yake alikuwa muadhini. Nyumba nzima ililia kwa furaha, na habari ikaenda mpaka Mikindani kwamba mtoto wa fulani kaanza maneno kwa Kur'ani. Mtaalamu wa usonji anaposikia masimulizi hayo husikia jambo lake: mtoto anayerudisha maneno marefu kama alivyoyapokea, kwa sauti na mapigo yaleyale, kabla ya kuweza kuyatumia maneno kuomba, kukataa au kueleza. Watoto wengi wenye usonji hupitia njia hiyo. Na kumvuta mtu mkono mpaka kwenye kitu badala ya kukionyesha kwa kidole ni dalili ambayo madaktari wa watoto huiulizia makusudi.

Mama aliniuliza kama basi haikuwa karama. Sikuona sababu ya moja kulifuta jingine, na sioni mpaka leo.

Madrasa ilimpenda. Mahali ambapo kazi ni kukariri, mpangilio haubadiliki na kosa linajulikana ni kosa, mtoto kama huyu hung'ara. Alipata matatizo pale alipomsahihisha mwalimu mbele ya wageni, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kila mara akichapwa na kila mara akishindwa kuelewa kachapwa kwa nini ilhali herufi kweli ilikosewa. Jandoni hakumaliza na wenzake. Ngoma za usiku, moshi na kulala kwa kubanana vilimfanya agonge kichwa ukutani mpaka akatolewa kabla ya siku, na aibu hiyo familia iliizika kimya.

Alama zilizopotea ndani ya adabu

Ukichukua orodha ya dalili iliyotungwa Ulaya au Marekani ukaishusha pwani ya Kusini, baadhi ya mistari yake inakufa njiani. Wa kwanza ni macho. Mtu anayekwepa kutazama wenzake usoni, huko kwao, hushtua watu. Hapa kijana anayeinamisha macho mbele ya wakubwa ana malezi. Karani alisifiwa kwa kitu ambacho kwingine kingekuwa cha kwanza kuandikwa kwenye fomu.

Wa pili ni salamu. Mazungumzo ya kuanzisha kutoka hewani humpa Karani jasho, lakini huku kwetu hakuna anayeanzisha kutoka hewani. Kuna shikamoo na marahaba, kuna asalaam alaykum na waalaykum salaam, za asubuhi, za nyumbani, za shamba, watoto hawajambo, na kila swali lina jibu lililokwisha kupangwa. Aliyajifunza yote kama alivyojifunza Alhamdu. Mtu anaweza kusalimiana naye miaka kumi njiani bila kujua kwamba sentensi inayofuata salamu, ile isiyo na mpangilio, hana.

Sala nayo. Mara tano kwa siku, kwa saa inayojulikana, upande unaojulikana, mwili ukijua pa kuinama na pa kunyooka, bega kwa bega lakini bila kusemeshana. Tasbihi baada yake ni 33, 33 na 34. Sijui kama kuna ratiba nyingine katika kijiji cha Tanzania inayoweza kumpa mtu mwenye usonji mapumziko ya namna hiyo, tena akiwa katikati ya watu na akiheshimiwa kwa kuwa pale.

Penye ufa palikuwa penye kanuni zisizoandikwa. Ukipita mtu anakula atakwambia "karibu", nawe utasema "starehe, shukrani" na kuendelea na safari. Karani alikuwa ananawa na kukaa. Utotoni watu walicheka, ukubwani wakasema ana uchoyo wa kula vya watu. Mtu akimwambia "nitapita kesho inshallah", alimngoja tangu alfajiri, na asipopita alimfuata kumuuliza kwa nini amelitaja jina la Mungu kwenye ahadi asiyokusudia kuitimiza. Kwa hoja hiyo, nikiri, hata imamu alikosa jibu la haraka.

Baada ya kila sala watu hupeana mikono. Yeye akishatoa salamu ya pili tu alikuwa ameshafika mlangoni. Mguso wa mikono mingi yenye jasho, anasema, hubaki ngozini mpaka sala inayofuata. Kijiji kilikiandika kitendo hicho kwenye hesabu ya kiburi.

Tiba iliyozalisha ushahidi wake yenyewe

Baba alifariki Karani akiwa na miaka 24. Hakulia. Aliosha maiti pamoja na wazee kwa utulivu na kwa usahihi, akaandika kila mchango wa rambirambi kwenye daftari, na siku ya tatu, msibani bado kumejaa, akasoma hadharani hesabu ya sukari iliyobaki. Wiki zilizofuata alionekana akitembea peke yake njia ya mikoroshoni akizungumza kwa sauti, akijiuliza na kujijibu.

Kwa watu wa upande wetu, Wamakonde, Wamwera, Wayao, Wamakua, ukoo umepita kwa mama, na neno la mjomba kwa mtoto wa dada yake lina uzito ambao mtu wa bara anaweza asiuelewe. Mjomba aliamua ni jini. Kombe, yaani aya zinazoandikwa sahanini na kuoshwa kwa maji, likaandikwa akanyweshwa, na kisomo kikafanywa. Hayo mawili, anasema Karani mwenyewe, yalimtuliza, na si ajabu: ni sauti anayoijua, kwa mpangilio anaoujua. Kilichomvuruga ni fukizo. Kijana ambaye harufu ya udi wa jirani humtoa ndani alifunikwa blanketi juu ya chungu cha moshi huku watu wanne wamemshika. Alipiga kelele, akatapika, akauma mtu mkono. Jini limesema, wakasema waliokuwepo.

Hapo panataka utulivu wa kufikiri. Mtu yeyote mwenye mwili unaohisi kama wake angepiga kelele chini ya blanketi lile. Tiba ilizalisha kelele, na kelele ikawa uthibitisho wa ugonjwa unaotibiwa, hivyo fukizo likarudiwa. Mzunguko wa namna hiyo hauvunjwi kwa kubishana kama majini yapo au hayapo, maana Mwislamu anaamini yapo na Karani anaamini yapo. Unavunjwa kwa swali dogo zaidi: alikuwaje kabla hamjamfunika?

Hospitali haikufanya vizuri zaidi, na nalisema hilo kwa sababu kisa kama hiki kikisimuliwa lawama zote huangukia waganga. Kituo kimoja ambacho sitakitaja kilimpokea kama mtu anayezungumza na wasioonekana. Aliulizwa kama anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Alijibu ndiyo, kwa kuwa ni kweli: anasikia mashine ya kusaga ya kijiji cha pili kabla ya mtu mwingine yeyote, na taa ya dukani inamlilia sikioni. Hakuna aliyemuuliza sauti hizo zinasema nini. Akaandikiwa haloperidoli, dawa ya skizofrenia (ugonjwa mkali wa akili) na maradhi ya jamii yake, na siku chache baadaye shingo yake ikajipinda upande mmoja na ulimi ukakaza, madhara yanayojulikana ya dawa hiyo. Familia ikaacha dawa na hospitali kwa pamoja.

Yale mazungumzo ya njiani yalikuwa mazoezi. Mtu asiyekuwa na sentensi ya baada ya salamu huitengeneza mapema. "Nikienda kumdai fulani gunia, nasema hivi, yeye atasema vile, mimi nitasema hivi." Wakati ule alikuwa anajaribu kuandaa majibu ya pole za msiba, ambazo zilikuwa nyingi na hazikuwa na mpangilio mmoja.

Shangazi yake alikuwa na dhana nyingine, nayo ilistahili kupimwa: wasiwasi wa udhu. Karani hutumia muda mrefu bombani. Mwenye ugonjwa wa wasiwasi huosha, akaondoka, akaingiwa na shaka kwamba maji hayakufika, akarudi. Wazo lenyewe linamtesa na angelitupa kama angeweza. Karani harudii kwa shaka. Anatawadha mara moja, kwa mpangilio usiovunjika, na akisemeshwa katikati anaanza upya kwa sababu mpangilio umekatika. Akimaliza ana raha. Hali hizo mbili zinaweza kumkuta mtu mmoja, lakini kwake hazikukutana, na tofauti hiyo ndiyo iliyomfanya daktari wa Dar es Salaam aache njia ya wasiwasi na kuuliza habari za utoto.

Ijumaa yenyewe

Nilimwomba anisimulie wiki ile, si siku ile. Katika mwenendo wa usonji mlipuko huonekana wa ghafla kwa anayetazama tu.

Msimu chama cha msingi hakilali. Wakulima wanaleta korosho kuanzia alfajiri, zinapimwa unyevu, zinatenganishwa daraja la kwanza na la pili, zinapimwa uzito, stakabadhi inaandikwa, mzigo unapelekwa ghala kuu kungoja mnada. Karani ndiye anayeandika kilo, naye hakadirii. Ikiwa ni kilo 47.3 ataandika 47.3, na mkulima aliyewahi kuuza kwa kangomba, kwa kipimo cha kopo na bei ya njaa, anajua thamani ya karani wa hivyo. Kuna wakulima wanaosubiri zamu yake. Wapo pia waliotaka aondolewe kwa sababu hiyohiyo.

Wiki ile mzani ulibadilishwa. Mpya ulikuwa unapiga mlio kila gunia likitua. Foleni ilikuwa mpaka barabarani, malipo ya mnada uliopita yalikuwa yamechelewa, na kila mkulima alimwuliza yeye, kana kwamba pesa ziko mfukoni mwake. Usiku hakulala. Ijumaa alikwenda msikitini kama mtu anayekwenda kupumzika, akakuta spika mpya, mbili, zimefungwa ndani, moja juu ya safu ya tatu. Feni mpya ilikuwa inakwaruza. Zulia lilikuwa jipya na lilinuka gundi. Hotuba ilisomwa na mgeni ambaye hakufuata muda wa kawaida. "Maneno yakaacha kuwa maneno," aliniambia. "Nilikuwa nayaona kama mawe. Nikajua nikikaa nitapiga kelele ndani ya nyumba ya Mungu. Nikachagua kutoka."

Kwa hiyo kitendo kilichosomwa kama kumkimbia Mungu kilikuwa, kwa mwenyewe, jitihada ya mwisho ya kulinda heshima ya msikiti. Na ghalani alikwenda kwa sababu magunia hunyonya sauti.

Jina lilipopatikana

Njia ya kufika kwa bingwa sitaisimulia kwa kirefu. Muuguzi mmoja aliyewahi kusikia habari za usonji alimshauri mke wake, zikatafutwa nauli, wakapanda basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550, naye akiwa amejiziba masikio kwa pamba na kofia.

Miongoni mwa vitu alivyojazishwa ni dodoso la maswali 50 lililotungwa Cambridge na kuchapishwa mwaka 2001. Limo swali la kama mtu angependelea maktaba kuliko sherehe, na jingine la ukumbi wa maigizo dhidi ya makumbusho. Karani aliyaacha wazi yote mawili na kuandika pembeni kwamba hajawahi kufika popote kati ya hapo, isipokuwa sherehe. Daktari, kwa bahati njema, alikuwa mtu wa kusikiliza: alimuuliza kati ya harusi na kisomo angekwenda wapi, na kama kwenye kisomo angekaa ndani au barazani. Dodoso la namna hiyo huashiria tu, halithibitishi. Kilichothibitisha ni masimulizi ya mama kwa simu, ya mke ana kwa ana, na saa kadhaa za mazungumzo.

Mtu huuliza kwa nini haikujulikana mapema. Mwaka 1943 kule Baltimore, daktari Leo Kanner aliwaeleza watoto 11 wenye usonji aliowachunguza, daktari Hans Asperger akaandika Vienna mwaka 1944, lakini dunia ya Kiingereza iliyasikia vyema ya Asperger pale tu daktari Mwingereza Lorna Wing alipoyaandika upya mwaka 1981. Karani alizaliwa miaka michache baadaye. Wakati ule hata London mtoto anayesema, anayesoma na mwenye hesabu nzuri angepita bila kuonekana. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya 127 ana usonji, na wengi wao waliozaliwa zamani wamekwisha pewa majina mengine: mkaidi, mpole, mwenye mashetani, mwalimu wa hesabu.

Hakupewa dawa. Hakuna dawa ya usonji wenyewe. Alipewa karatasi.

Daftari la dhambi

Nilitarajia afarijike, na kwa wiki chache alifarijika. Halafu akaacha kwenda msikitini. Alikuwa na swali, naye hulikabili swali kama anavyokabili hesabu isiyofunga. Tangu ana miaka tisa alikuwa akiomba dua baada ya kila sala kwamba Mwenyezi Mungu amfanye awe kama wenzake. Ikiwa ameumbwa hivi, na hivi ndivyo atakavyokufa, dua zile zote zilikuwa zinaandikwa wapi? Na lile alilolihesabu dhambi, la kukimbia mikono, la kutolia kwa baba yake, la Ijumaa ile, libaki kwenye daftari au lifutwe?

Mshauri mmoja alitaka kuyachukulia maswali hayo kama sehemu ya hali yake, kung'ang'ania jambo moja. Nilimpinga na ningempinga tena. Kwamba mtu anapenda hesabu ya tasbihi hakuifanyi tasbihi kuwa dalili. Yakiulizwa na mtu asiye na usonji maswali hayo yangeitwa elimu, na mahali pake ni kwa mwenye elimu.

Tulikwenda kwa imamu, mzee wa madhehebu ya Shafii kama wengi wa pwani hii. Alisoma barua ya daktari mara mbili akauliza maswali machache, yote ya vitendo: spika inamuumiza au inamchukiza tu? Akiwa barazani anaisikia hotuba? Kisha akamjibu kwa mpangilio ambao Karani angeweza kuushika.

Aya ya mwisho ya Baqara inasema Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, kwa hiyo kwenye lile asiloliweza hadaiwi. Kupeana mikono baada ya sala ni mazoea mema, kuacha si dhambi. Machozi hayajawahi kuwa sharti la huzuni. Ijumaa iko palepale juu yake, ila mahali pa kukaa ni hiari yake: safu ya mwisho, barazani, karibu na mlango, na pamba masikioni haibatilishi kitu. Kutoka kwa kuhofia madhara ni udhuru. Lakini maneno aliyomwambia mkewe siku aliyopoteza mimba, kwamba bora imetoka mapema kabla ya gharama, hayo yalimuumiza mtu, na mtu aliyeumia huombwa radhi hata kama aliyesema hakukusudia.

Kuhusu dua, mzee alinyamaza kidogo, akasema hajui zimeandikwa wapi, ila anajua hazikupotea. Karani hakuridhika na jibu hilo, na amemwambia hivyo. Bado wanalizungumza.

Imamu alichokifanya baadaye hakukitangaza. Aliwaelekeza mafundi waihamishe spika moja nje, akafupisha hotuba zake na kuwaomba wageni wafupishe, akitumia hadithi inayojulikana ya Muadh bin Jabal, aliyekemewa na Mtume kwa kurefusha sala ilhali nyuma yake kuna wazee, wanyonge na wenye haja. Wazee walimshukuru. Hakuna aliyejua ni kwa ajili ya nani, na hilo lilikuwa sahihi. Siri ya hali ya mtu ni yake. Karani amewaambia watu wanne tu, na mwenyekiti wa chama ni mmojawapo.

Nyumbani na kazini

Mke wake alilia kuliko yeye. Kwa miaka kumi na mbili aliamini hapendwi. Mume hali chakula kilichochanganywa, kisamvu kikigusa ugali anaacha sahani, ming'oko, viazi pori vya huku, anakula ya kuchemshwa tu na kwa siku maalumu. Akirudi kazini hasemi neno mpaka amekaa chumbani gizani. Mashoga zake walimwambia mumewe ana mwanamke mwingine. Sasa amepewa maelezo, na maelezo yanapunguza hasira, lakini hayamlishi. "Nimeelewa kwa nini haniulizi nimeshindaje," alisema. "Ila nami nataka kuulizwa." Nadhani katika visa vya aina hii mwenzi husahauliwa haraka mno, kana kwamba barua ya daktari imemwandikia yeye kazi ya uvumilivu wa maisha.

Walikubaliana jambo la kimpangilio: kila siku baada ya isha anamuuliza maswali matatu, yaleyale. Watu wa mapenzi ya sinema wataona ni baridi. Mke anasema ndiyo mara ya kwanza anasikilizwa mpaka mwisho.

Kazini, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamzuia mwajiri kumbagua mtu kwa ulemavu wake, lakini haikuhitajika kutajwa. Mwenyekiti alizima mlio wa mzani, kitufe kilikuwepo siku zote. Maswali ya malipo sasa yanaandikwa ubaoni na kujibiwa na katibu. Nisingependa msomaji aondoke na picha ya kila mwenye usonji kuwa bingwa wa hesabu. Wapo watakaoishi bila kusema neno na kuhitaji mtu wa kuwaogesha hadi uzeeni, na familia zao Mtwara na Lindi zina mzigo ambao kisa hiki hakiugusi.

Mjomba mzee hajabadili mawazo. Anasema jini limepewa jina la kizungu. Karani anamsalimia, anampelekea sukari, na hajadiliani naye.

Ila sasa yeye pia ni mjomba. Dada yake ana mtoto wa kiume wa miaka mitatu ambaye hasemi, anayepanga maganda ya korosho mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka jikoni. Usonji hupita sana katika damu ya ukoo, tafiti za mapacha zimelionyesha hilo kwa miongo, na dada hakuhitaji kusoma tafiti. Alimletea mtoto kaka yake kama desturi inavyotaka, aseme nini kifanyike. Karani alikaa naye sakafuni asubuhi nzima bila kumgusa, kisha akatoa maagizo, akayaandika: kisomo kiendelee kama mama anataka, fukizo hapana, fimbo hapana, na kabla ya mtu yeyote kusema ni nini, mtoto apimwe masikio. Miadi ya kipimo imewekwa wiki ya kwanza baada ya Idi.